Kipande cha Tatu

Lukresia alifikisha miaka arobaini na tisa bila kukanyaga kituo cha polisi, na siku alipokanyaga alidhani ameitwa kwa habari ya mbuzi. Wiki ile mbuzi wawili walikuwa wameibwa kijijini Bukima na kila mtu alikuwa akiitwa kuhojiwa. Kwa hiyo alijifunga kitenge kizuri, akamgeuza mama mkwe wake akaelekea dirishani, akamwambia atarudi kabla ya uji wa saa nne, akaondoka.

"Unatuhumiwa kuharibu mali kwa makusudi," askari alimwambia, macho yake yakiwa kwenye karatasi. "Mali ya Gasper. Nyavu ya dagaa."

"Ile ya pale kwenye mawe? Ile si ilishatupwa?"

Askari akaandika. Lukresia alingoja ajibiwe, lakini kumbe pale ukiuliza swali, wenzako wanaliandika kama jibu. Saa nane mchana alikuwa bado kwenye benchi, na alichokuwa akikiwaza si jela wala mahakama. Alikuwa akiuwaza ubavu wa kulia wa Yuliana.

Hapo ndipo penye shida yote, na heri niiseme mapema. Yuliana, mama mkwe wake, alipooza upande mmoja mwaka juzi. Ni mwanamke wa mwili, na kila baada ya saa tatu hivi lazima ageuzwe, la sivyo ngozi inachubuka na kidonda kinaingia ndani. Mwanawe, aliyekuwa mume wa Lukresia, alikwisha kufariki. Mjukuu wa Yuliana, Adventina, ameolewa Bunda na ana watoto wadogo wa kumtosha. Jirani yao Mbuke husaidia, lakini Mbuke naye mgongo unamsumbua, na mara ya kwanza alipojaribu kumgeuza mgonjwa nusura waanguke wote wawili. Lukresia akifungwa miezi sita, Yuliana hatoboi hiyo miezi sita. Hilo lilijulikana na kila mtu, na Yuliana mwenyewe alilijua kuliko wote.

Sasa wavu wenyewe. Kazi ya Lukresia ni kuanika dagaa. Dagaa wa kuanikwa mchangani hubeba mchanga, na mnunuzi akimtafuna mmoja tu, meno yake yanampa habari. Wanaoijua kazi huanika juu ya wavu, na wavu wa kuanikia hakuna anayeununua. Pale mwaloni kwao, ufukweni mwa ziwa mitumbwi inapoegeshwa, wavu wa dagaa ukichoka, mwenyewe huuvua maboya na kamba akavifunge kwenye wavu mpya, na ule mwili wake huuacha juu ya mawe. Wavu usio na maboya ni mzoga, anayeuwahi ni wake. Hamwombi mtu, hamuagi mtu. Nusu ya bustani za mchicha za Bukima zimezungushiwa mizoga hiyo ili kuku wasiingie.

Gasper hakuwa na habari hiyo. Alitoka upande wa Bunda, akahamia mwaka jana na mtumbwi wake mmoja. Kule alikotoka, mbalamwezi ikiingia na taa za kuvutia dagaa zikakosa kazi, mvuvi hufungua maboya akayaweka ndani, kwa sababu ndiyo yanayopendwa na wezi, na wavu huuacha nje upate jua. Akafanya hivyo hivyo. Akaenda kwao kumsalimia mama yake siku nne, akarudi, akakuta wavu wake umekatwa pima kadhaa. Alipokwenda mwaloni kuuliza, mtu mmoja alimjibu, "Uliivua maboya mwenyewe, halafu unaitafuta?" Mwalo mzima ukaangua kicheko. Wanawake wenye mabeseni walicheka, Lukresia akiwemo.

Mimi nadhani kesi ilizaliwa hapo, kwenye kicheko. Kesho yake Gasper alipita kwenye uchanja wa Lukresia, akaona dagaa wamelala juu ya wavu wenye kiraka cha uzi wa kijani alichokishona kwa mkono wake, akaenda moja kwa moja polisi. Lukresia alipotoka polisi kwa dhamana, alivipeleka ofisini kwa mtendaji wa kijiji vipande vyote vitatu alivyokata, vimefungwa kwenye kanga, akaomba radhi mbele ya watu. Gasper hakuvigusa.

"Sitaki radhi," alisema. "Nimeibiwa huku mara mbili nikanyamaza. Safari hii nataka sheria."

Aliyemwekea Lukresia dhamana ni kaka yake Florian, fundi cherehani wa Nyakato mjini, mtu wa maneno mengi na moyo mwepesi. Asubuhi iliyofuata alimpeleka kwa Rhobi, msaidizi wa kisheria mwenye chumba nyuma ya duka moja la daftari na kalamu pale pale Nyakato. Rhobi ni dada mwembamba, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Aliisoma hati ya mashtaka mara mbili kabla ya kufungua mdomo.

"Mama, mahakamani mlalamikaji atatakiwa athibitishe mambo," alisema. "Kwamba hiyo nyavu ni mali yake. Kwamba imeharibiwa, na aliyeiharibu ni wewe. Kwa hayo hata tusijichoshe, kijiji kizima kimeshuhudia. Linabaki moja, na kesi yako yote imelala hapo. Athibitishe kwamba ulifanya kwa makusudi na bila haki."

"Lakini mimi nilikata makusudi, dada. Kisu hakijaniteleza."

Florian akashika kichwa. Rhobi akacheka kidogo.

"Makusudi ya sheria si kisu tu. Mtu akiamini kwa moyo safi kwamba kitu ana haki nacho, hata kama amekosea, huo ni utetezi. Wewe uliamini kwamba ile nyavu imetupwa?"

"Niliamini. Sisi kule tunachukuaga. Ilikuwaga hivyo tangu wakati wa bibi zetu."

"Uliamini mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho," alisema Lukresia. Lilimtoka haraka mno, na mwenyewe alilisikia.

Rhobi aliandika. Kisha akamwonya jambo moja. Hakimu akimsomea shitaka na kumuuliza ni kweli au si kweli, asije akajibu "ni kweli" kwa sababu tu kukata alikata. Wengi huenda hivyo, alisema, wanadhani wanasema ukweli, kumbe wamekiri kosa lote pamoja na makusudi yake. Aeleze alichofanya na alichoamini, hakimu ajue cha kuandika. Florian akauliza adhabu. Rhobi alivua miwani. Sheria inakwenda mpaka miaka saba, alisema. Mahakama ya mwanzo haina nguvu ya kufika huko, lakini mwaka mmoja inaweza.

Mwaka mmoja. Njia nzima ya kurudi Bukima Florian, ambaye akikosa wa kuongea naye huongea na hewa, aliongea peke yake. "Wakikuuliza kile kiraka, sema nyavu ilikuwa imekunjwa. Imekunjwa, hukuona. Nani atabisha? Ulikuwa peke yako."

Nyumbani alimgeuza Yuliana, akampaka mafuta mgongoni, akabaki ameushika mkebe wa mafuta mkononi. Yuliana ana jicho moja linaloona vizuri, na hilo moja linamtosha.

"Sema," alisema.

Basi Lukresia akasema, kwa mara ya kwanza. Alipima wavu kwa mikono, pima mbili kila kipande, ukiwa umekunjwa kama ulivyolala juu ya mawe. Akakata cha kwanza. Akakata cha pili. Kwa cha tatu ilibidi aukunjue, na mkono wake ukapita juu ya mafundo magumu, mapya, ya uzi wa kijani ambao hata jua halijaupausha. Akasimamisha kisu. Mtu hawezi kukaa kutwa nzima akishona kitu anachotaka kukitupa, hilo hata mtoto analijua. Akatazama huku na huku. Hakukuwa na mtu. Vipande viwili vilikwisha kutoka, na cha tatu ndicho kilichokuwa kinajaza uchanja wake. Akamalizia kukata.

"Nilijua, mama. Kile cha tatu nilijua."

Yuliana akasema, na midomo yake ya upande mmoja ikamfanya ayatoe maneno polepole, "Hilo umeniambia mimi. Basi. Liishie hapa kitandani."

"Nitaapa kwa Biblia."

"Utaapa, ndiyo. Na mimi atanigeuza nani?"

Lukresia alipotaka kumrekebisha mto, mama mkwe aliusukuma mkono wake kwa ule mkono mzima, akaugeuzia ukuta uso wake. Yuliana akikasirika ndivyo afanyavyo. Mwili haumtii, lakini uso bado ni wake.

Siku ya kusomewa shitaka mambo yalikwenda haraka. Mahakama ya mwanzo ni chumba chenye madawati, kama darasa, na hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini, hata watu walilazimika kuacha kukohoa ili wamsikie. "Umesikia shitaka. Ni kweli au si kweli?" Lukresia alisema kukata alikata, lakini aliukuta wavu hauna maboya, na kwao wavu wa hivyo huwa umetupwa. Hakimu akaandika kwamba mshtakiwa amekana, akapanga tarehe ya kusikiliza. Florian alimpongeza kana kwamba kesi imekwisha. Lukresia alirudi nyumbani akaanika dagaa mchangani, kwa sababu wavu ulikuwa kielelezo.

Asubuhi ya kusikilizwa alimgeuza Yuliana mapema. Hawakuaga vizuri. Yuliana alisema tu, "Ilikuwa imekunjwa," na Lukresia akasema, "Nimesikia, mama."

Gasper alitangulia kutoa ushahidi. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu lililofungwa mpaka kooni, na alishika ukurasa wa daftari uliojaa maandishi. Katika mahakama ya mwanzo mlalamikaji hana wa kumsemea. Husimama mwenyewe na shida yake. Alieleza mbalamwezi, maboya, safari ya kwa mama yake. Hakimu alimuuliza kama alijua desturi ya mwalo ule. Alijibu kwamba hakuna aliyemwambia. "Mimi nilikuwa mgeni, mheshimiwa. Mgeni anaambiwa ushuru wa kuegesha mtumbwi, haambiwi mengine." Watu wawili watatu walicheka nyuma. Hakimu alinyanyua macho, wakaacha.

Kisha Gasper alikunja ile karatasi akaitia mfukoni, na yaliyofuata hakuyasoma popote.

"Kilichoniuma si nyavu peke yake. Nilikwenda mwaloni nikauliza kama mtu mzima, wakanicheka. Hata huyu mama alicheka. Nilimwona, alikuwa na beseni la bluu. Nikasema, kama na huyu anacheka, basi labda mimi ndiye sina akili."

Lukresia aliyatazama mavumbi ya miguuni pake. Kukata alikuwa amejielezea mara nyingi mpaka kukalainika. Alijiambia ni haraka, ni shetani, ni uchanja uliobaki nusu. Kicheko hakuwa amekigusa hata mara moja. Alicheka siku ile kwa sauti kuliko Mbuke, kuliko wote, kwa sababu alijua wavu uko wapi na kwamba una mwenyewe, na aliogopa asiyecheka angeonekana. Alisikia aibu ikimpanda usoni, moto kabisa, mbele ya watu wote.

Zamu yake ikafika. Aliapa. Alieleza vizuri kama Rhobi alivyomfundisha, desturi ya mwalo, mizoga ya nyavu, bustani za mchicha, na hakimu alikuwa akiandika bila kusita, akitikisa kichwa kidogo kama mtu anayeelewa. Florian alikaa dawati la pili akitabasamu. Ilionekana wazi upepo unavuma upande gani. Hakimu akamgeukia Gasper kama ana swali kwa mshtakiwa.

Gasper alisimama. Kwenye meza ya hakimu vile vipande vitatu vilikuwa vimelala, na kiraka cha kijani kilikuwa juu. Alikionyesha kwa kidole, na kidole chenyewe kilikuwa na mikwaruzo ya uzi, kama vidole vya wavuvi wote.

"Mama," alisema, "kiraka changu ulikiona au hukukiona?"

"Nyavu ilikuwa imekunjwa," alisema Lukresia.

Florian akashusha pumzi. Gasper alibaki amesimama, hana swali lingine, na ilikuwa dhahiri kwamba hajui la kuuliza. Hakimu aliinua kalamu. Akilini Lukresia alimwona Yuliana kitandani, uso ukutani, ubavu chini. Alitaka kukaa. Miguu yake ilitaka kukaa. Bado neno moja tu, "sikukiona", na hata hilo hakuna aliyekuwa akimlazimisha kulitaja.

"Ilikuwa imekunjwa nilipokata cha kwanza na cha pili," alisema. "Cha tatu niliikunjua. Kiraka nilikishika kwa mkono wangu huu. Nikajua nyavu ina mwenyewe. Nikakata hivyo hivyo."

Kalamu ya hakimu ilisimama. "Unaelewa unachokisema, mama?"

"Naelewa, mheshimiwa. Na siku ile alipokuja kuuliza, nilicheka najua." Hapo sauti ikamkatika, akaanza kulia wazi wazi, bila hata kuutafuta ukingo wa kanga.

Hakimu aliahirisha kwa saa moja akaandike hukumu. Ni saa ndefu, nawaambia. Florian hakumsemesha dada yake. Alikwenda kusimama nje juani akiwa ameweka mikono kichwani. Askari mmoja alikuja akasimama karibu na Lukresia, si kwa ukali, alisimama tu, lakini kila mtu anajua askari anasimamia nini kabla ya hukumu. Lukresia alikuwa akihesabu. Saa kumi na mbili alimgeuza. Saa tatu, Mbuke. Saa sita, Mbuke, kama mgongo umemruhusu. Leo. Kesho. Mwezi wa pili.

Waliporudi ndani, hakimu alisoma polepole. Kuhusu vipande viwili vya kwanza, alisema, mahakama imeamini kwamba mshtakiwa alidhani kwa nia njema kuwa wavu umetupwa, na kwa hivyo hana kosa. Kuhusu cha tatu, alijua, na alijua kabla kisu hakijapita. Hapo makusudi yametimia. Mahakama inamtia hatiani.

Neno lile Lukresia alilipokea amesimama, ameshika ubao wa mbele.

Kabla ya adhabu hakimu alimuuliza Gasper kama ana la kusema. Gasper alichukua muda.

"Mheshimiwa, mimi nilitaka mtu mmoja wa mwalo ule aseme kwamba nyavu ilikuwa yangu na kwamba mimi si mpumbavu. Ameshasema. Adhabu mtaijua nyie." Akakaa, kisha akasimama tena. "Nasikia ana mgonjwa."

Hakimu aliuliza habari za mgonjwa, akajibiwa. Akaandika kwa muda uliotosha mtu kufa na kufufuka. Kisha akasema kwamba ni kosa la kwanza, kwamba mshtakiwa amejifunga kwa mdomo wake mwenyewe wakati hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumfunga, na kwamba ataachiwa kwa masharti asitende kosa lolote kwa miezi kumi na miwili. Gharama ya kipande cha tatu atamlipa mlalamikaji. Vipande vyote virudishwe kwa mwenyewe.

"Nenda nyumbani, mama," alisema. "Lakini umeandikwa una hatia. Hiyo haifutiki kwa kwenda nyumbani."

Nje, Gasper alimpita akiwa na vipande vyake begani. Alimwinamishia kichwa kidogo, akaenda zake.

Saa kumi ilikuwa imepita Lukresia alipoteremka kwenye bodaboda mbele ya nyumba. Mbuke alikuwa amekaa mlangoni, uso umemkunjika kwa hasira.

"Mkweo amenishinda," alisema. "Tangu asubuhi hataki nimguse. Saa tatu nimekuja, kanisukuma. Saa sita kanisukuma. Anasema ataoza hivyo hivyo mpaka ajue kesi imekwendaje."

Lukresia aliingia mbio. Yuliana alikuwa amelala vile vile alivyomwacha alfajiri, upande ule ule, shuka limelowa, uso ukutani. Harufu ilikuwa nzito. Hakugeuza kichwa.

"Umesema imekunjwa?" aliuuliza ukuta.

"Nilianza nayo, mama. Halafu nikasema yote. Wamenitia hatiani."

Mgongo wa mama mkwe ulitulia kama hauna pumzi.

"Wanakuchukua lini?"

"Hawanichukui. Nimeachiwa. Mwaka mzima nisikosee."

Kisha Lukresia akaona bega lile zima likitikisika, na akajua mama mkwe wake analia, na kwamba hapendi kuonekana. Alisimama hapo hapo, mikono ikining'inia, akingoja kutukanwa, maana alistahili. Alikuwa ameyaweka maisha ya mwenzake mezani bila kumwomba ruhusa.

"Basi unangoja nini?" alisema Yuliana. "Nigeuze."